Mpilipili: Mti wa pambo ulio rahisi kuotesha na mgumu kuuondoa

MPILIPILI ni miongoni mwa miti ya pambo inayotambulika kwa urahisi zaidi katika nyanda za juu na maeneo yenye mvua haba nchini Kenya. Matawi yake membamba huinama kuelekea ardhini mithili ya nywele ndefu zilizofunguliwa, majani yake hubaki kijani mwaka mzima, na vichala vya matunda madogo ya rangi ya waridi huning'inia kwa miezi kadhaa baada ya maua kudondoka. Mti huu hupatikana katika nyua za shule na makanisa, kwenye mipaka ya mashamba na kandokando ya barabara, kuanzia Nakuru na Naivasha hadi Machakos na Kajiado.

Kuuotesha kwa mbegu si kazi ngumu. Mtu mwenye ndoo, kichungio na mikebe michache mitupu anaweza kupata miche mingi kutoka kwa kichala kimoja tu. Kinachowatatiza wengi ni kile kinachotangulia kazi hiyo na kile kinachoifuata, yaani kujua mbegu iliyookotwa ni ya mti upi hasa, na kuuweka mche mahali ambapo hautaleta hasara miaka 10 baadaye.

Suala hilo limepata uzito zaidi tangu Desemba 2022, serikali ya Kenya ilipozindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Shule, makanisa na vikundi vya vijana vilianzisha vitalu, na aghalabu mbegu zinazokusanywa kwanza ni zile zilizo karibu na mkono. Mpilipili huzaa matunda mengi na matawi yake hufika chini, hivyo hauhitaji mtu kuupanda ili kuyachuma.

JINA LINALOPOTOSHA

Licha ya jina lake, mti huu hauna undugu wowote na pilipili zinazotiwa kwenye mchuzi. Pilipili manga hutokana na mmea unaotambaa ambao asili yake ni India na ambao hulimwa pia Zanzibar. Pilipili kali na pilipili hoho nazo ni za ukoo mwingine kabisa, uliotoka bara la Amerika. Mpilipili, ambao wataalamu wa mimea huuita Schinus molle, umo katika familia moja na mwembe na mkorosho. Ulipewa jina hilo kwa sababu matunda yake yakikauka huwa na umbo la punje ya pilipili manga, na ukiyasaga hutoa harufu kali inayokaribiana na ya kiungo hicho.

Undugu huo na mkorosho si jambo la kupuuzwa. Yeyote aliyewahi kuchomwa midomo na utomvu wa embe bichi au kubabuliwa vidole na ganda la korosho anafahamu tabia ya familia hii. Utomvu wa mpilipili pia huweza kuwasha ngozi ya baadhi ya watu, na ni vyema anayekata matawi au kusafisha mbegu nyingi kwa wakati mmoja avae glavu.

Asili ya mti wenyewe ni Amerika Kusini, hasa Peru, Bolivia na kaskazini mwa Argentina. Neno molle limetokana na mulli, jina lake katika Kikechua, lugha ya wenyeji wa milima ya Andes. Huko haukuwa mti wa pambo hata kidogo. Waakiolojia waliochimba katika mlima Cerro Baúl, kusini mwa Peru, walipata mabaki ya kiwanda cha pombe cha watu wa Wari, waliotawala eneo hilo zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na miongoni mwa mabaki hayo zilikuwamo mbegu nyingi za mpilipili. Pombe hiyo ilipikwa kutokana na matunda haya.

Mwandishi Garcilaso de la Vega, aliyezaliwa Cusco na mama wa ukoo wa kifalme wa Inka, alieleza katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1609 namna kinywaji hicho kilivyotengenezwa. Matunda yalisuguliwa polepole ndani ya maji ya moto hadi utamu wote wa nje utoke, lakini mtengenezaji alipaswa kukoma kabla ya kufikia sehemu ya ndani, ambayo ni chungu. Mwandishi huyo alitaja pia kwamba katika ujana wake bonde la Cusco lilijaa miti hii, na kwamba katika muda wa miaka michache tu karibu yote ilikuwa imetoweka. Sababu aliyoitoa haitamshangaza msomaji wa Kenya: ilikatwa ili kuchoma makaa.

Kutoka Peru, mti ulisafirishwa na Wahispania hadi Mexico katika karne ya 16, ambako hadi leo huitwa pirul kwa kukumbusha nchi ulikotoka. Katika jimbo la California, Marekani, inasemekana mbegu za kwanza zilipandwa mwaka 1830 katika misheni ya San Luis Rey baada ya kuletwa na baharia. Mti ulienea kiasi kwamba watu wengi waliuona kuwa ni wa huko huko. Baadaye wakulima wa michungwa waligundua kwamba ulikuwa makao ya wadudu weusi wenye magamba walioharibu mashamba yao, na mipilipili mingi iliyopendezesha barabara za Los Angeles ikakatwa. Afrika Kusini iliupokea katikati ya karne ya 19, na Afrika Mashariki katika enzi ya ukoloni, kama ilivyokuwa kwa mjakaranda, mgeni mwingine kutoka Amerika Kusini ambaye watu wa Nairobi wamemzoea kana kwamba alizaliwa hapa.

MIPILIPILI MIWILI

Kabla ya kuchuma hata tunda moja, mpanzi anapaswa kuhakikisha ni mti upi alio nao mbele yake. Kuna mipilipili miwili ya pambo inayochanganywa mara kwa mara, nayo huuzwa katika vitalu kwa jina lile lile.

Wa kwanza ni huu wa Peru. Jani lake moja limegawanyika katika vijani vidogo vyembamba, mara nyingi zaidi ya 20 na huweza kufikia 40, vilivyopangwa pande mbili za kikonyo kama meno ya kitana. Matawi yake huinama, na matunda yake ya waridi huning'inia katika vichala virefu vilivyoachana. Shina la mti mzee huwa nene, lenye mafundo na magamba yanayobanduka.

Wa pili ni mpilipili wa Brazil, ambao kwa jina la kitaalamu ni Schinus terebinthifolia. Vijani vyake ni vichache, kwa kawaida kati ya 5 na 13, navyo ni vipana, vya kijani kibichi kilichokolea na vyenye umbo la yai. Kikonyo kinachovishikilia kina ukingo mwembamba kama bawa pande zote mbili. Matawi hayainami, bali hutanda na kufungamana hadi mti ukafanana na kichaka kikubwa. Matunda ni mekundu zaidi na hukaa kwa msongamano.

Njia rahisi kupita zote ni kuokota jani moja na kuhesabu. Vijani vikiwa chini ya 15 na vipana, mti huo si ule unaoinama, hata kama mwuzaji anasema vinginevyo.

Tofauti hii ina uzito mkubwa. Mpilipili wa Brazil uliingizwa Florida, Marekani, katika karne ya 19 kama pambo la bustani. Leo umetanda katika takriban ekari 700,000 za jimbo hilo, ikiwemo sehemu ya kinamasi maarufu cha Everglades, na kuisonga mimea ya asili. Sheria ya Florida inakataza kuuza na kupanda mti huo. Mwaka 2019 wanasayansi wa huko walianza kuachilia wadudu wawili kutoka Brazil, ambao chakula chao ni mti huu, kwa matumaini ya kupunguza kasi yake. Nchi iliyolazimika kuleta wadudu kutoka ng'ambo ili kupambana na ua la bustani imelipa gharama ambayo Kenya haina haja ya kuirudia. Mtu aliye pwani au karibu na mto, ambako kuna joto na unyevu unaoupendeza mpilipili wa Brazil, ni heri aachane nao kabisa.

Maelezo yanayofuata yanahusu mpilipili wa Peru, ule unaoinama.

MTI DUME NA MTI JIKE

Kuna jambo moja ambalo huwashangaza wengi waliopanda mpilipili mmoja mbele ya nyumba na kusubiri matunda yasiyotokea. Mti huu una jinsia. Mti dume hutoa maua ya chavua peke yake, na mti jike ndio huzaa matunda, almuradi kuna dume jirani na nyuki wa kubeba chavua. Maua ya yote mawili ni madogo, ya rangi ya manjano iliyopauka, na kwa mbali hayana tofauti.

Mbegu haiwezi kutambuliwa kama ni ya dume au jike, wala mche hautambuliki. Jinsia hujulikana mti unapotoa maua kwa mara ya kwanza, na hilo huchukua miaka kadhaa. Anayetaka matunda kwa ajili ya pambo hana budi kupanda miche mitatu au minne na kukubali kwamba sehemu yake haitazaa. Asiyetaka matunda kabisa, pengine kwa sababu ya watoto au kuku, hawezi kutegemea mbegu. Itambidi achukue vipandikizi kutoka kwa mti anaoufahamu kuwa dume, ingawa vipandikizi vya mti huu hushika mizizi kwa shida kuliko mbegu.

KUCHUMA NA KUSAFISHA MBEGU

Matunda huwa tayari yanapobadilika kutoka kijani hadi waridi iliyoiva au nyekundu hafifu. Kila tunda lina upana wa milimita 5 hadi 7, nalo limefunikwa na ngozi nyembamba inayopasuka kama karatasi. Chini ya ngozi hiyo mna utando wa nyama tamu yenye kunata, na katikati mbegu moja ngumu iliyojaa mafuta. Vichala vichumwe mtini, wala visizolewe chini, kwani vilivyodondoka mara nyingi vimeshambuliwa na wadudu.

Mti mama uchaguliwe kwa makini. Shina lenye afya, matawi yasiyovunjika hovyo na umbo zuri ni sifa ambazo huweza kurithiwa na miche. Inafaa pia kuchanganya matunda ya miti kadhaa badala ya mmoja.

Wapanzi wengi hukosea kwa kuzika tunda zima, pamoja na ngozi na nyama yake, kisha kulalamika kwamba mbegu ni mbovu. Nyama ya tunda huzuia mbegu kuota na hukaribisha ukungu. Porini, kazi ya kuiondoa hufanywa na ndege, ambao hulimeza tunda, huyeyusha nyama yake tumboni na kuidondosha mbegu ikiwa safi. Katika kitalu kazi hiyo ni ya mkono.

Matunda yafikichwe kwanza yakiwa makavu ili ngozi ya waridi ipeperushwe kwa upepo, jinsi mtama unavyopepetwa. Kisha yalowekwe katika maji yenye uvuguvugu kwa saa chache na kusuguliwa juu ya kichungio pamoja na kiganja cha mchanga mkavu. Maji yatageuka kuwa na rangi na utamu, ule ule uliowavutia watengenezaji wa pombe wa Peru. Yamwagwe, yawekwe mengine, na usuguaji uendelee hadi mbegu zisinate tena vidoleni. Zinazoelea mara nyingi ni tupu na hutupwa.

Mbegu zilizosafishwa huanikwa kivulini kwa siku mbili au tatu. Zisianikwe juani kwenye bati. Zikikauka vizuri huweza kuhifadhiwa katika chupa iliyofungwa mahali penye baridi, ingawa mbegu mbichi huota vyema zaidi na hakuna sababu ya kuzikawiza iwapo msimu unafaa. Kilo moja ina makumi ya maelfu ya mbegu, kwa hivyo kikombe kimoja ni zaidi ya mahitaji ya kijiji kizima.

Asiyekuwa na mti mama wa kuaminika anaweza kuulizia mbegu katika Taasisi ya Utafiti wa Misitu nchini, KEFRI, ambayo ina kituo cha mbegu za miti huko Muguga, kaunti ya Kiambu. Kuagiza mbegu kutoka ng'ambo kwa mtandao ni jambo jingine. Mbegu zote zinazoingia nchini huhitaji kibali cha Shirika la Kukagua Ubora wa Mimea, KEPHIS, na kwa mti ambao matunda yake yamejaa kandokando ya barabara ni gharama isiyo na maana.

KATIKA KITALU

Udongo wa kitalu uwe mwepesi na wenye kupitisha maji. Mchanganyiko unaotumiwa na wengi ni sehemu tatu za udongo wa juu, sehemu moja ya mchanga na sehemu moja ya samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi michanga. Mbegu ziloweshwe usiku mmoja, kisha zipandwe kwa kina cha nusu sentimita hadi sentimita moja, ama katika kitanda cha pamoja au moja kwa moja katika vyombo, mbegu mbili kila chombo. Pakiti tupu za maziwa na mikebe iliyotobolewa chini hufanya kazi barabara.

Kitanda kifunikwe kwa nyasi kavu na kunyunyiziwa maji asubuhi, kiasi cha kuweka unyevu bila kutengeneza tope. Panapo joto la wastani, miche ya kwanza huchomoza baada ya wiki mbili hadi nne. Haichomozi pamoja. Baadhi huchelewa kwa wiki kadhaa zaidi, na katika maeneo ya baridi kama Limuru au Kinangop subira huhitajika maradufu. Ni makosa kukipindua kitanda baada ya mwezi mmoja kwa kudhani kwamba kilichobaki kimekufa.

Nyasi ziondolewe mara miche inapoonekana, na nafasi yake ichukuliwe na kivuli chepesi kilichoinuliwa juu ya vijiti. Hatari kubwa ya kipindi hiki ni shina changa kuoza pale linapokutana na udongo, mche ukalala chini kana kwamba umekatwa kwa wembe. Hali hiyo husababishwa na kuvu wanaostawi penye maji mengi na hewa kidogo. Dawa yake ni kupunguza maji na kuipa miche nafasi.

Miche ikifikia kimo cha sentimita 5 hadi 7, ile iliyo katika kitanda huhamishiwa katika vyombo jioni au siku ya mawingu, ikishikwa kwa jani wala si kwa shina. Mpilipili huteremsha mzizi mkuu upesi. Chombo kikiachwa juu ya ardhi mahali pamoja, mzizi huo hupenya tundu la chini na kujikita ardhini, na siku ya kuuhamisha hukatika. Kwa sababu hiyo vyombo huinuliwa kila baada ya wiki mbili au tatu na mizizi iliyochungulia hukatwa kwa kisu kikali.

Mwezi mmoja kabla ya kupandwa, kivuli hupunguzwa hatua kwa hatua na maji pia, ili mche uzoee jua kali. Ukiwa na kimo cha sentimita 30 hivi, baada ya miezi minne hadi sita, huwa tayari. Anayelenga mvua ndefu za Machi na Aprili anapaswa basi kuwa ametia mbegu kitaluni kati ya Septemba na Novemba.

KUPANDA SHAMBANI

Mpilipili si mti wa kubembelezwa. Hustahimili ukame, udongo wa mawe na hata udongo wenye chumvi kiasi. Hautaki kukaa ndani ya maji yaliyotuama, na miche yake huweza kuuawa na jalidi, ijapokuwa mti uliokomaa hustahimili baridi ya wastani.

Shimo la sentimita 45 kila upande linatosha. Udongo wa juu utengwe na ule wa chini, uchanganywe na samadi na uwe wa kwanza kurudishwa. Katika sehemu kavu ni vyema kuacha kisahani cha udongo kuzunguka mche ili kunasa maji ya mvua, na kutandaza nyasi kavu bila kuzigusisha shina. Kiangazi cha kwanza ndicho huua miche mingi. Ndoo moja ya maji kwa wiki huuokoa. Baada ya hapo mti hujitafutia, na pasipo upungufu mkubwa wa maji huweza kumpita mtu mzima kwa kimo katika mwaka wa 2 au wa 3. Mti mkomavu kwa kawaida hufikia mita 6 hadi 10, na hata 15 panapoufaa.

Umbali kutoka kwa nyumba ndio uamuzi ambao hauwezi kurekebishwa baadaye. Mizizi ya mpilipili husafiri mbali kutafuta maji, na haitofautishi kisima na bomba la maji taka. Mita 6 kutoka kwa ukuta, bomba au tangi la choo ndicho kiwango cha chini kabisa, na mita 10 ni salama zaidi. Matawi yake nayo huvunjika kwa urahisi penye upepo mkali, na mashina mazee mara nyingi huwa na uvungu usioonekana kwa nje. Haifai kuegesha gari chini ya mti wa aina hiyo, wala kufunga bembea ya watoto kwenye tawi lake.

Wapanzi wa maua pia wajihadhari. Majani yanayodondoka yana mafuta yanayodumaza mimea mingine, na ni machache yatakayostawi chini ya kivuli chake. Bustani ya mboga iwe mbali.

Kwa upande wa manufaa, mti huu huzuia upepo na vumbi, hutoa kuni, na maua yake huvutia nyuki. Wenyeji wa sehemu nyingi hutundika matawi yake mabichi jikoni au penye mifugo ili kufukuza nzi, na harufu yake inaeleza sababu.

WATOTO NA MIFUGO

Matunda ya mipilipili yote miwili hukaushwa na kuuzwa kama kiungo chenye rangi ya waridi katika maduka ya kifahari. Biashara hiyo imewafanya baadhi ya watu kudhani kwamba mti ulio uani unaweza kuchumwa na kuliwa hivi hivi. Kiungo hicho hutumiwa kwa punje chache tu katika chakula cha watu wazima. Mtoto akila kiganja kizima cha matunda hayo huweza kutapika na kuharisha, na visa vya aina hiyo vimerekodiwa. Rangi ya matunda na utamu wa ngozi yake ya nje ndivyo humvuta mtoto. Anayepata mzio wa korosho ana sababu zaidi ya kukaa mbali nayo.

Matunda na majani yanaweza pia kuwadhuru kuku na nguruwe, na huenda ndama. Licha ya hayo, si ajabu kukuta banda la kuku limejengwa chini ya mpilipili kwa sababu ya kivuli. Mwenye mpango huo afadhali atafute mti mwingine. Shule za chekechea zenye mti jike uwanjani zinaweza kukata vichala kabla ya kuiva, kazi ya alasiri moja kwa sababu matawi hufika chini.

MTI UNAPOVUKA UA

Swali la iwapo mpilipili wa Peru ni mvamizi kama binamu yake wa Brazil lina jibu linalotegemea mahali. Katika maeneo makavu ya Afrika Kusini, hasa viungani mwa mji wa Kimberley, watafiti wamefuatilia namna unavyoenea. Ndege hula matunda kwenye mti wa kando ya barabara, huruka na kutua juu ya mgunga, na kudondosha mbegu kivulini mwake. Mche huota ukiwa umelindwa na jua, hukua, kisha hupenya juu ya matawi ya mgunga na kuunyima mwanga. Baada ya miaka, mgunga uliompa mgeni hifadhi hudhoofika na kufa.

Mgunga unaozungumziwa huko ni ule ule unaomea Kajiado, Baringo na Samburu, ambao wafugaji hutegemea maganda yake kulisha mbuzi wakati wa kiangazi. Kwa hivyo, katika mji au shamba lililolimwa pande zote, mpilipili mmoja ni pambo tu. Kando ya mbuga ya malisho au hifadhi ya wanyama, heri kupanda miti ya kienyeji, na mgunga wenyewe huota kwa mbegu bila taabu.

Aliye na mti jike tayari anaweza kudhibiti uenezi wake. Miche inayochipuka chini ya miti mingine, nyua na nyaya za umeme ing'olewe baada ya mvua, ikiwa ingali na kimo cha kiganja na udongo ungali laini. Ikishapita mwaka mmoja, mzizi mkuu huwa umezama na jembe huhitajika. Mti mkubwa ukikatwa usiachwe hivyo, kwani kisiki chake huchipuka upya kutoka chini, na machipukizi hayo yasipokatwa kila mara, mti hurejea katika miaka michache ukiwa na mashina manne au matano badala ya moja.